Elementi Isiyoonekana Ukutani: Namna ya Kuchora Wingi wa Madini Mwilini na Majini

Mwili wa mtu mzima mwenye uzito wa kilo 70 hukadiriwa kuwa na kilo 43 za oksijeni, kilo 16 za kaboni, kilo 7 za haidrojeni na karibu kilo 1.8 za naitrojeni. Kalsiamu, ambayo karibu yote imo katika mifupa na meno, hufikia kilo moja. Madini ya chuma ni gramu nne na kitu; zinki ni gramu mbili na zaidi kidogo. Iodini, ambayo wengi huifahamu kwa jina la madini joto, haizidi miligramu 20. Ingekusanywa yote mahali pamoja, isingejaza hata ncha ya kijiko cha chai.

Tarakimu za namna hii ndizo huchorwa katika vitabu vya shule, katika vijitabu vya lishe na katika mabango ya zahanati. Mara nyingi huchorwa kwa chati duara: kipande kikubwa cha oksijeni, cha pili cha kaboni, cha tatu cha haidrojeni, kisha ukingoni kijipande chembamba kilichoandikwa “Nyinginezo”. Ndani ya kijipande hicho zimo chuma, zinki, shaba, seleni na iodini, yaani karibu elementi zote ambazo kliniki ya wajawazito huzihangaikia. Hakuna mgonjwa aliyewahi kulazwa kwa upungufu wa kaboni mwilini. Mama aliyeelekezwa kumeza vidonge vya madini ya chuma kila siku, kisha akainua macho na kuona kwamba chuma hakimo kabisa katika picha ya mwili wake, ana haki ya kujiuliza vidonge vile ni vya nini.

Chati hiyo haina uongo wa hesabu. Kila asilimia iliyomo ni sahihi. Kasoro yake ni kwamba imejibu swali ambalo hakuna aliyeuliza kliniki, na imelijibu kwa namna inayofuta jibu la swali lililoulizwa. Mchoro wa wingi wa elementi unadai maamuzi matatu kabla kalamu haijagusa karatasi: kinachohesabiwa ni nini, kinahesabiwa ndani ya nini, na kwa skeli gani. Kila uamuzi unaweza kugeuza picha nzima bila kubadili tarakimu hata moja.

Uzito au idadi ya atomi

Haidrojeni ni takriban asilimia 10 ya uzito wa mwili. Lakini atomi moja ya oksijeni ina uzito wa atomi 16 za haidrojeni, kwa hiyo mtu akihesabu atomi badala ya kilo, haidrojeni inapanda hadi kiasi cha asilimia 62 na oksijeni inashuka hadi asilimia 24 hivi. Mwili ni uleule. Michoro yote miwili ni ya kweli, ila kila mmoja hauna maana mpaka uandikwe waziwazi kwamba ni “asilimia ya uzito” au “asilimia ya atomi”. Neno “wingi” peke yake halitoshi.

Wahudumu wa maabara wanalijua jambo hili kwa sura nyingine. Kalsiamu ya damu iliyoandikwa 2.5 kwa kizio cha milimoli kwa lita ni ileile iliyoandikwa 10 kwa kizio cha miligramu kwa desilita. Daktari aliyezoea kizio kimoja, akipokea majibu ya hospitali inayotumia kingine, anaweza kushtuka bila sababu, au, vibaya zaidi, asishtuke penye sababu. Kizio kikisahauliwa katika jedwali, msomaji makini ataulizia. Kikisahauliwa katika mchoro, jicho huridhika na umbo na halidai kitu zaidi.

Swali la “ndani ya nini” ndilo husahauliwa kuliko yote. Katika mwili mzima, potasiamu inaishinda sodiamu: takriban gramu 140 dhidi ya 100. Katika majimaji ya damu hali inapinduka, kwani sodiamu huwa karibu milimoli 140 kwa lita na potasiamu karibu 4 tu. Sababu ni kwamba asilimia 98 hivi ya potasiamu imo ndani ya seli. Mwanafunzi wa uuguzi anayeonyeshwa mchoro wa kwanza bila maelezo, kisha akapewa karatasi ya majibu ya damu, atadhani mgonjwa wake yuko hatarini.

Hata oksijeni yenyewe haina tarakimu moja. Vitabu vingi huandika asilimia 65 ya uzito wa mwili, ilhali kilo 43 kati ya 70 ni asilimia 61. Tofauti hiyo inatokana na kiasi cha maji na mafuta katika mwili uliochukuliwa kuwa kielelezo: maji ni oksijeni kwa sehemu nane kati ya tisa za uzito wake, na mafuta yana oksijeni kidogo. Mtu mwembamba na mtu mnene hawana chati moja. Mchoraji mwaminifu huandika chini ya mchoro kwamba huo ni mwili wa kukadiria, wa uzito fulani, na hasogezi tarakimu hadi nafasi ya tatu ya desimali kana kwamba amempima kila mtu.

Somo kutoka kwa wanajiolojia na wanajimu

Taaluma ya kuchora wingi wa elementi haikuanzia hospitalini. Mwaka 1889, Frank Wigglesworth Clarke, mkemia mkuu wa idara ya uchunguzi wa jiolojia ya Marekani, alichapisha makadirio ya wingi wa elementi katika gamba la dunia. Alijaribu pia kuyachora kwa mstari uliopangwa kwa uzito wa atomi, akitumaini kwamba mpangilio fulani ungejitokeza. Haukujitokeza. Miongo michache baadaye ikajulikana kwamba mpangilio ulikuwapo. Giuseppe Oddo nchini Italia mwaka 1914 na William Harkins nchini Marekani mwaka 1917 walionyesha kwamba elementi zenye namba shufwa ya atomi kwa kawaida ni nyingi kuliko majirani zake wenye namba witiri. Harkins aliegemea vimondo, ambavyo havikuchujwa na kuyeyushwa kama gamba la dunia lilivyochujwa, na alipanga elementi kwa namba ya atomi. Kwa sampuli nyingine na mpangilio mwingine, mstari uliokuwa fujo uligeuka kuwa kama meno ya msumeno. Mtu anayepanga elementi kwa alfabeti, kama programu nyingi za kompyuta zinavyofanya zenyewe zisipoelekezwa, hataona msumeno huo kamwe.

Kisa cha Cecilia Payne kinafundisha jambo la aina nyingine. Katika tasnifu yake ya mwaka 1925 alikokotoa kwamba haidrojeni katika nyota ni nyingi kupita metali kwa kiasi cha mara milioni moja. Wakati huo wataalamu waliamini kwamba nyota zina mchanganyiko unaofanana na wa dunia. Mwanafalaki mashuhuri Henry Norris Russell alimshauri kwamba jambo hilo haliwezekani, naye akaandika kwamba tokeo hilo karibu kwa yakini si halisi. Mwaka 1929 Russell mwenyewe alifikia hitimisho lilelile kwa njia nyingine. Tarakimu inayoharibu umbo la mchoro haiondolewi kwa sababu hiyo tu. Hupimwa tena, na ikithibitika, ni mchoro unaobadilishwa.

Skeli inapomshinda msomaji

Tuchukulie kwamba mtu ameamua kuchora uzito wa elementi katika mwili mzima kwa grafu ya nguzo, akitumia skeli ya kawaida. Nguzo ya oksijeni ameipa urefu wa mita moja, yaani bango kubwa kabisa. Nguzo ya chuma itakuwa na kimo cha sehemu moja ya kumi ya milimita, sawa na unene wa karatasi. Nguzo ya iodini itakuwa nusu ya maikromita: chembechembe nyekundu ya damu, iliyolala ubavu, ina upana unaozidi kimo hicho mara kumi na tano. Akitaka iodini ionekane angalau kwa milimita moja, nguzo ya oksijeni itabidi ipande zaidi ya kilomita mbili.

Ndiyo maana wataalamu hukimbilia skeli ya logi, ambayo kila hatua juu yake ni kuzidisha kwa kumi. Miligramu 20 na kilo 43 zinatofautiana kwa mara milioni mbili na zaidi, lakini kwa skeli hiyo ni hatua sita na kidogo. Kila hatua ikipewa sentimita tatu, elementi zote zinaenea katika karatasi ya kawaida, na iodini inakaa mahali pake ikionekana.

Hapo huzuka kosa ambalo hata majarida ya kitaalamu hulifanya: kuchora nguzo juu ya skeli ya logi. Nguzo humwambia msomaji alinganishe vimo kuanzia chini. Skeli ya logi haina sifuri, kwa hiyo “chini” ni popote mchoraji alipopenda kuanzia. Akianzia miligramu 1, nguzo ya oksijeni itaonekana ndefu karibu mara sita kuliko ya iodini. Akianzia miligramu 10, itaonekana ndefu mara ishirini na mbili. Zote mbili ziko mbali mno na uwiano halisi wa mara milioni mbili. Tiba ni rahisi: penye skeli ya logi pachorwe nukta, si nguzo. Nukta inasema “elementi hii iko hapa” na haidai kupimwa kutoka chini. Nguzo zibaki kwenye skeli ya kawaida, na huko zianzie sifuri bila kukatwa miguu.

Kuhusu chati duara, utafiti wa William Cleveland na Robert McGill uliochapishwa mwaka 1984 ulionyesha kwamba binadamu hulinganisha kwa usahihi zaidi nafasi za vitu kwenye mhimili mmoja kuliko pembe au maeneo. Nukta zilizopangwa kwenye mhimili mmoja zinaishinda duara kwa kigezo hicho. Picha za mwili zilizopakwa rangi hadi kiunoni kuonyesha “asilimia 65” ni mbaya zaidi, kwani kifua na miguu havina ujazo sawa. Zinapendeza, lakini zifae kwa jalada.

Bado kuna ugumu ambao nukta haziutatui. Skeli ya logi inamfaa aliyefundishwa kuisoma. Mgonjwa ambaye hakufundishwa huona iodini iko “chini kidogo” ya chuma, wakati chuma kinaizidi kwa zaidi ya mara mia mbili. Kwa hiyo mchoro wa semina ya madaktari haupaswi kunakiliwa kwenye bango la wodi. Kwa mgonjwa, mchoro unaofaa hauanzi na mwili mzima. Unaanza na mahitaji. Mtu mzima huhitaji maikrogramu 150 za iodini kwa siku, na mjamzito 250. Nguzo mbili tu, kwenye skeli ya kawaida inayoanzia sifuri, zinaonyesha kwamba mama anabeba hitaji la ziada, na hakuna haja ya kutaja oksijeni.

Maji ya Meru na mstari wa 1.5

Kaskazini mwa Tanzania, kandokando ya Mlima Meru, mchoro mbaya unaweza kuharibu meno na mifupa ya watu. Miamba ya volkeno ya eneo hilo inatoa floraidi nyingi kwenye maji. Mto Maji ya Chai umewahi kupimwa na kukutwa na miligramu 12 hadi 14 za floraidi kwa lita. Maziwa ya Momella yamefikia miligramu 690. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Kwenye maji ya miligramu 3 hadi 6, athari za mifupa huweza kuonekana, na zile za kulemaza kwa kawaida huonekana maji yanapozidi 10 na kunywewa kwa miaka mingi. Meno ya watoto huathirika kwa viwango vya chini zaidi, hasa katika miaka ambayo gamba la jino linaundwa ndani ya ufizi.

Sasa tuchore. Miligramu 12 kwa lita ni asilimia 0.0012 ya maji hayo. Bango linaloonyesha “muundo wa maji ya kijiji” kwa asilimia litamwonyesha mwanakijiji maji safi yasiyo na kitu, naye atampa mtoto wake akiwa na moyo mkunjufu. Asilimia haifai hapa. Kizio ni miligramu kwa lita.

Tuweke basi vyanzo vyote vya eneo kwenye skeli ya kawaida, pamoja na maziwa ya Momella. Ikiwa 690 imepewa sentimita 20, mstari wa 1.5 utakuwa chini ya nusu milimita kutoka kwenye mhimili, na maji ya 14 yatakuwa milimita nne. Suala zima la afya ya jamii limebanwa ndani ya milimita nne za chini, ambako wino wenyewe unachukua nafasi. Mtaalamu atapendekeza skeli ya logi, na kwa ripoti ya kijiolojia yuko sahihi. Kwa mkutano wa kijiji kuna jibu jepesi zaidi: hakuna anayekunywa maji ya Momella. Yaondolewe kwenye mchoro, yaandikwe kwa maneno pembeni, kisha visima, chemchemi na mito inayotumika ichorwe kwa nguzo kutoka 0 hadi 16, na mstari mnene ukatishe mchoro wote penye 1.5. Mtu asiyejua kusoma ataona ni chanzo gani kimevuka mstari.

Mstari huo nao una historia yake. Kwa miaka mingi kiwango cha Tanzania kilikuwa miligramu 4 kwa lita, kwa kuzingatia uhaba wa maji mbadala, kabla ya kushushwa hadi 1.5. Kisima chenye miligramu 3 kilikuwa chini ya mstari wa zamani na kiko juu ya mstari wa sasa, ilhali maji hayajabadilika. Bango la zamani lililosalia ukutani linaendelea kutoa ruhusa ambayo kanuni imekwisha kuiondoa. Mwaka na chanzo cha kiwango vinapaswa kuandikwa kwenye mstari wenyewe, si katika tanbihi ya ukurasa mwingine.

Mtego mwingine ni wastani. Tuseme kata ina vyanzo vinne vyenye miligramu 0.8, 1.0, 1.2 na 14. Wastani ni 4.25, na hakuna chanzo hata kimoja chenye maji hayo. Nguzo moja ya “wastani wa kata” itawaogopesha wanaokunywa maji salama na kuwapunguzia hofu wale wa 14. Vichorwe vyote vinne. Ikibidi kutaja tarakimu moja, mediani, yaani kipimo cha katikati, ambayo hapa ni 1.1, inaeleza hali ya wengi, lakini nayo inamficha yule wa nne, ambaye ndiye mwenye shida.

Inafaa pia mhudumu akumbushe, wakati watu wanatazama mchoro, kwamba kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Maji yanapopungua kwa mvuke, floraidi hubaki na kuzidi kukolea. Katika kituo cha Ngurdoto kumefanywa kazi ya kuichuja kwa mkaa wa mifupa. Na magadi yanayotumika kulainisha maharage au makande yanaweza kuongeza floraidi mwilini hata pale ambapo nguzo ya maji iko chini ya mstari. Mchoro wa maji ni wa maji tu, chungu hakimo.

Penye iodini ya mkojo

Mediani inastahili heshima zaidi katika uchunguzi wa madini joto. Iodini hupimwa kwenye mkojo wa watu wengi katika jamii, na mediani ya maikrogramu 100 hadi 199 kwa lita huchukuliwa kuwa dalili ya lishe ya kutosha. Kwa wajawazito ni 150 hadi 249. Wachache waliokula chakula chenye iodini nyingi siku hiyo huvuta wastani juu, na ndiyo maana wastani hautumiki. Tatizo huja mchoro huo unapoonyeshwa kwa mtu mmoja mmoja. Mkojo wa mtu yuleyule hupanda na kushuka siku hadi siku, hata asubuhi na jioni. Mama aliyekutwa na 80 mara moja hana ugonjwa kwa kipimo hicho peke yake. Mipaka hiyo ni ya jamii, na mchoro ueleze hivyo kwa herufi zinazosomeka kutoka kwenye benchi la kusubiria.

Baadhi ya sampuli huja na jibu kwamba elementi haikuonekana. Hiyo haimaanishi sifuri. Inamaanisha kwamba kiasi kilichomo ni kidogo kuliko uwezo wa mashine. Nukta yake ichorwe kwenye kiwango cha chini cha mashine, ikiwa na mshale unaoelekea chini, ili ajaye na mashine kali zaidi asidhani kwamba elementi imeanza kuongezeka.

Mwisho ni suala la rangi. Mabango mengi ya zahanati ni nakala ya nakala, zilizotolewa kwa mashine isiyo na rangi. Nyekundu ya oksijeni na kijani ya klorini hutoka zote zikiwa kijivu, na ufunguo wa rangi pembeni hauna kazi tena. Jina la elementi liandikwe kando ya nukta yake, pamoja na tarakimu na kizio chake. Nakala ikififia, maandishi hayo hubaki yakisomeka hata pale ambapo nukta yenyewe imepotea.